Tochi Isiyochoka

Nimestaafu nina miaka arubaini na sita. Wenzangu wa rika langu bado wanapanda feri alfajiri kwenda kutafuta. Mimi niko barazani Likoni, mikono yatetemeka, na ngazi tatu za kuingilia nyumbani zinanimaliza pumzi. Haya nawaandikia nyinyi vijana mliobaki kwenye matangi. Nilisoma mpaka darasa la tano, kwa hivyo mwandiko wangu mtauvumilia. Majina nitayataja. Niliambiwa niyafiche, nikauliza ni kwa kumkinga nani.

Najua mnaicheka tochi yangu. Nilipokuja kuwaaga juzi, mmoja wenu aliuliza kama ni ya enzi za mkoloni. Ni ya globu, ndiyo, yala mawe, yapata moto mkononi, na mwanga wake ni wa manjano kama mchuzi wa nazi uliotiwa bizari. Aliyeuliza nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu nikilisema hili kwa mdomo sifiki mwisho.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ami yangu alinipeleka Changamwe asubuhi moja, akaniacha kwa watu waliovaa ovaroli zenye rangi ya lami, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kazi yenyewe mwaijua: tangi la mafuta likishamwagwa, chini hubaki tope zito, na tope hilo haliondoki mpaka mtu aingie kwa mlango wa duara ulio ubavuni, alikwangue, alijaze ndoo, alitoe. Mchana kweupe jua limesimama nje, ndani ni giza tupu. Niliyekabidhiwa kwake ni Mzee Yohana wa Frere Town, mtu mrefu, mkimya, wa kanisani, ambaye wazee wake walikuwa pale tangu kabla ya reli. Kabla hajanipa koleo alinipa tochi. Tochi ya mpira mweusi, nzito, yenye kioo kinene. Akaniambia maneno manne: washa nje, zima nje.

Nikaingia nayo inawaka. Nilipofika katikati nikaona mwanga wa wenzangu watosha, nikasema nihifadhi mawe. Nikapeleka kidole kwenye swichi. Sijui aliniona vipi. Alinishika ukosi akanivuta mpaka nje kama mtoto aliyetaka kuangukia kisimani, wala hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, humu cheche moja ya kidole chako yatutosha sote." Ami yangu alikuwa ameniambia kazi ni ya kusafisha. Cheche hakuitaja.

Ndiyo maana humo ndani hapaingii chuma. Koleo zetu zilikuwa za mbao, vikwangulio vya shaba, viatu vya mpira visivyo na msumari. Mkanda wenye kifungo cha chuma ulibaki nje, na saa ya mkononi ilibaki nje vilevile. Saa ilikuwa moja tu, ya msimamizi, Kassim Dena, aliyekaa kitini chini ya turubai. Ilikuwa saa ya ajabu ile. Tukiwa kwenye chai ilikimbia, tukiwa ndani ya tangi ilitambaa. Ukimpigia kelele kuuliza muda alijibu neno lile lile, "Bado."

Na muda ndio uhai wetu. Tope likikorogwa hutoa mvuke, na mvuke huo hauna adabu ya kukutangazia kuwa umefika. Kwanza kichwa huwa chepesi, kisha mtu huona raha, hucheka, pengine huimba. Huyo anayeimba ndiye anayekwenda. Kulikuwa na feni kubwa ya kupuliza hewa mlangoni, na kila mtu alifungwa kamba kiunoni, na kamba zote zilishikwa na mtu mmoja aliyesimama nje. Kwetu alikuwa Saidi Chupa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya chupa ya maziwa aliyotuwekea tukitoka, tukiamini yanakosha kifua. Kama yalikosha sijui. Yalikuwa matamu.

Kwa kuwa saa ilikuwa ya Kassim, Mzee Yohana alitafuta yake. Ndiyo hiyo mnayoicheka. Globu ya tochi mawe yakichoka haizimiki ghafla. Hutoka nyeupe ikawa manjano, manjano ikakolea, kisha ikawa nyekundu kama kaa la mkaa kabla ya kuwa jivu. Mzee hakuruhusu mawe mapya yaingie tangini. Akipewa mapya aliyatia kwanza kwenye redio yake nyumbani, yalegee. Kisha jioni aliiwasha tochi, akaiweka dirishani, mkewe akipika, naye akahesabu kwa vipindi vya redio: tangu taarifa ya habari mpaka mwisho wa salamu. Alichagua jozi za mawe mpaka akapata zinazogeuka kwa muda autakao. Tochi ya dakika thelathini na tano aliifunga uzi mwekundu shingoni. Ya arubaini na tano, uzi mweupe. Tangi la petroli lilikuwa la uzi mwekundu, la dizeli la uzi mweupe. Hakuna daktari aliyempangia haya. Alizika watu wawili ujanani mwake, akapanga mwenyewe.

Basi tukiwa ndani, Saidi Chupa kila baada ya muda aliita kutoka mlangoni, "Rangi?" Nasi tukajibu, mmoja mmoja. Nyeupe. Nyeupe. Manjano. Yeyote akisema nyekundu, wote tulitoka, bila kuuliza na bila ruhusa. Kassim alinuna, akatuita wavivu wenye mawe mabovu, akataka kutununulia mapya. Mzee alimshukuru kwa heshima zote na hakuyachukua. Kassim hakuwahi kuelewa. Au alielewa, na hilo ndilo baya zaidi.

Jambo la pili mwanga ule ulilotupa ni rangi ya watu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nakwangua karibu na ukuta, sioni ubaya wowote, moyoni nina furaha kama ya Idi. Mzee alipita, akanimulika usoni kidogo, akaniacha, akarudi tena kunimulika. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Alipiga kamba yangu mara tatu, Saidi akavuta, nikajikuta nje natapika mchangani, nalia kwa sababu nimekatizwa raha. Ile manjano ya globu huonyesha damu ya mtu ilivyo. Uso mwekundu huonekana mwekundu, na uliofifia huonekana umefifia. Hata kutu na tope, moja kahawia na jingine jeusi, ulizitenga kwa jicho.

Miaka ikaenda. Tulifanya matangi ya Changamwe, tukafanya na ya meli zilizofunga Kipevu, yale membamba ambayo waingia kwa tumbo. Mzee Yohana alistaafu katikati ya miaka ya tisini, akaniachia kundi na mfuko wa nyuzi. Mwaka uliofuata mke wangu Mwanasha aliniletea nduguye, Nassoro. Aliniambia, "Mume wangu, huyu ndiye kaka yangu wa pekee. Usimpeleke mahali usipoingia wewe." Nikaapa. Nassoro alikuwa mtu wa mzaha, mbavu pana, hafungi mdomo, na kuitikia rangi ndiko alikokupenda. Badala ya kusema manjano tu husema, "Manjano kama embe dodo, shemeji, na mimi nina njaa." Saidi Chupa alikuwa akicheka mpaka kamba zatikisika.

Nifike sasa penyewe.

Mwenye kampuni iliyotuajiri alikuwa Stambuli Hemedi. Mwaka wa mwisho kabla ya elfu mbili alirudi safari ya Dubai na katoni ya tochi za namna mpya. Hazina globu. Kwenye kichwa zina vijichembe kama punje za mtama, na mwanga wake ni mweupe wa kibuluu, kama mbalamwezi juu ya bati. Alitukusanya, akaziwasha zote, akasema hizi zakaa siku tatu usiku na mchana bila kubadilishwa mawe, hazipati moto, ukiiangusha haivunjiki kitu. Kassim alipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Liandikeni hilo vizuri. Nilikuwa nimechoshwa na kupima mawe dirishani kila jioni, mke wangu alikuwa amechoshwa na redio kusemeshwa kwa ajili ya tochi, na kitu kile kilikuwa kizuri, wallahi, kilikuwa kizuri. Kassim akasema za zamani zirudishwe stoo. Nikazikusanya mwenyewe, sita, nikampelekea. Yangu moja tu niliisahau nyumbani, si kwa busara.

Jumapili ile nilikwenda Frere Town kumjulia hali Mzee, nikamwonyesha ile mpya. Aliishika, akaigeuzageuza, akaimulika kwenye kiganja chake, akatazama kiganja muda mrefu. Mkono wa mtu aliye hai ulionekana wa kijivu, kama wa maiti aliyeoshwa. Kisha akaniuliza swali moja. "Na hii itakwambia lini utoke?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, hii haichoki."

Akanirudishia. Na mimi sikusikia alichokwisha kukisema.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi kama nyingine, saa tatu asubuhi, tangi la petroli, kubwa, lenye nguzo katikati. Tulipofika feni haikuwepo. Kassim alikuwa ameipeleka Kipevu tangu jana yake kwa kazi nyingine ya Stambuli, kwenye meli iliyokuwa na haraka. Nilimwuliza tutaingiaje bila feni. Akasema tangi limekaa wazi siku mbili, hewa imo, tuingie tufanye kidogokidogo, atatuita. Nilimtazama Nassoro, naye akaniambia, "Twende, shemeji, tumalize mapema." Tukaingia watu wanne.

Saidi Chupa aliita rangi, kwa mazoea. Hakuna aliyemwambia aache. Tukajibu, kwa mazoea. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Baada ya muda akaita tena, tukajibu vilevile. Nataka muone upumbavu wetu. Mwili mzima ulikuwa umefundishwa miaka kumi na saba kwamba nyeupe ni salama. Neno lilikuwa lile lile, sauti ile ile, na tochi haikudanganya. Ilikuwa nyeupe kweli. Saidi pale mlangoni akasikia nyeupe, roho yake ikatulia, akaketi kwenye ndoo. Kassim akasikia nyeupe, akafungua gazeti. Nami ndani nikasikia nyeupe kutoka kwa Nassoro, nikaendelea kukwangua, nikijisemea leo tunafanya kazi nyingi kwa muda mfupi.

Wawili wetu walitoka na ndoo zilizojaa wakakawia nje kuzimwaga. Tukabaki mimi na Nassoro. Alikuwa nyuma ya nguzo. Kamba yake haikufika kule, na sikuona alipojichomoa kwenye fundo. Nikamsikia anacheka. Nassoro kucheka si habari. Nikammulika usoni ili nimtazame, kama nilivyofundishwa, na nikauona uso wa kibuluu, midomo ya kibuluu. Nikageuza tochi kwenye mkono wangu, na wenyewe wa kibuluu. Ukuta wa kibuluu. Sote tulikuwa wafu mle ndani tangu tulipoingia, sasa nitamjua vipi aliye mfu kweli?

Nikamwita. "Nassoro, rangi?"

Akasema, "Bado nyeupe, shemeji. Nyeupe pee."

Nikafurahi. Hilo ndilo la mwisho nililolijua mle ndani, kwamba nilifurahi.

Mimi nilikuwa na kamba. Saidi anasema aliita rangi, hakusikia kitu, akaita tena, akavuta. Nilitoka kama gunia, uso umepasuka kwenye ukingo wa mlango. Kamba ya Nassoro aliivuta nayo ikaja yenyewe, nyepesi, na fundo tupu mwishoni. Saidi alikaa chini akaishika ile kamba mkononi, na mpaka leo akinywa chai mkono wake wa kushoto hukunjwa hivyohivyo. Watu wa zimamoto waliokuja na vifaa vya kupumulia ndio waliomtoa. Alikuwa ameketi, ameegemea nguzo, tochi mapajani, inawaka.

Niliamka hospitali siku ya pili. Mwanasha alikuwa ubavuni, amevaa kanga nyeusi, hanitazami. Sikuhitaji kuambiwa. Alisema, "Uliapa," na neno hilo hajalirudia tena mpaka leo. Afadhali angelirudia.

Kulifanywa kikao cha kuuliza kilichotokea. Kassim Dena alisema tulikaa ndani dakika ishirini na tano. Saidi alisema ni zaidi, zaidi sana, saa nzima na nusu pengine, maana jua lilikuwa limehama turubai. Aliulizwa ana saa. Hana. Nikaulizwa mimi nina saa. Sina. Mwenye saa alikuwa mmoja. Zamani tungeweka tochi mezani, nyekundu au imekufa, na kila mtu angeona muda uliopita. Safari hii Kassim ndiye aliyeweka tochi mezani. Ile ya Nassoro, siku ya tano, imezipita hata siku tatu za Stambuli, ingali inawaka. Hakuna aliyeizima tangu ilipotolewa mapajani mwake. Akasema mbele ya watu, "Kifaa ni kizima kama mnavyoona. Hitilafu ilikuwa ya mtu."

Nilikuwa naitazama tu. Mtu amekwisha kuzikwa Likoni, matanga yameinuliwa, na kitu kile kwenye meza ya ofisi kinametameta bila wasiwasi, kana kwamba kitamulika mpaka kiyama. Mpaka leo nikiwaza sitetemeki kwa kifo, kifo tulikijua. Natetemeka kwa ule mwanga.

Mzee Yohana alikuja Likoni kunipa pole, kavuka feri na fimbo, akaketi na sisi kwenye mkeka. Aliniuliza Nassoro alikuwa na rangi gani mwisho. Nikamwambia nyeupe. Akainamisha kichwa. Hakuniambia alikwisha kunionya. Ningetaka aniambie.

Basi wenye kosa ni hawa. Stambuli Hemedi, aliyetaka feni moja iwe mahali pawili. Kassim Dena, mwenye saa, ambaye sasa amejenga Magogoni na husalimiwa kwa shikamoo. Wa tatu ni mimi, Ramadhani, niliyekusanya tochi sita kwa mikono yangu nikazipeleka stoo, na nikamcheka mzee wangu.

Nilirudi kazini kama mshika kamba, kando ya Saidi, mpaka kifua kilipokataa. Miaka hiyo nikakuta kumbe si peke yangu. Yuko muuguzi mmoja wa Kisauni asiyeangalia koo la mtoto kwa tochi mpya, kwa sababu wekundu wa uvimbe hauoni sawasawa. Yuko mnunuzi wa samaki hapa feri, akifunua shavu la samaki hutaka globu, maana kwa ile nyingine samaki wa leo na wa juzi wote ni sawa. Fundi cherehani wa Mtongwe hawezi kulinganisha uzi na kitambaa. Watu wanawaona washamba. Tukikutana huulizana nani amepata globu wapi, maana zinaadimika, kama wavutaji wanaotafuta tumbaku ya zamani. Sisemi tochi mpya ni mbaya. Nyumbani nasi tunayo, umeme ukikatika Mwanasha huiwasha jikoni. Mimi hukaa ukumbini.

Mwaniuliza mtatumia nini. Zile sita nilizipeleka stoo mwenyewe, na kabla ya kuondoka nilizitoa mwenyewe, bila kumwomba mtu. Ziko kwa Saidi Chupa mlangoni, ndani ya mfuko wa turubai, pamoja na yangu, zikawa saba. Mpira umeanza kupasuka kwenye mbili, zifungeni vizuri. Mawe nimeyapima dirishani kwangu mwezi mzima huu, kwa redio, na safari hii Mwanasha ndiye aliyekuwa akiniambia kipindi kimekwisha. Yenye uzi mwekundu ni dakika thelathini na tano. Washeni nje, zimeni nje. Saidi akiita, itikieni rangi mnayoiona. Ikigeuka tokeni, wala msimwulize mwenye saa.

Na mtu akija na huruma, akataka kuwatilia mawe mapya, mshukuruni, msiyachukue.